Jinsi ya kugawana kazi mnaporusha ibada mubashara kwa kamera tatu

Kinachomshinda mtu mmoja kurusha ibada ya kamera tatu ni maamuzi yanayokuja kwa mpigo. Mhubiri anashuka madhabahuni, maiki yake inaanza kukwaruza, mgeni aliyekaribishwa hana jina kwenye skrini, na mtandao unayumba, yote ndani ya sekunde tano. Mwongozo huu ni wa timu ya kanisa yenye kamera 3, swicha (kifaa cha kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani) ya aina ya ATEM Mini Pro au kompyuta yenye vMix au OBS, programu zinazofanya kazi hiyohiyo, na watu kati ya wawili na saba, wengi wao vijana wanaojitolea. Mpangilio huohuo unafaa kwa harusi na kwa ibada ya mazishi, ambako ndugu walio Muscat au Minneapolis hawana njia nyingine ya kumuaga mpendwa wao.

Msigawane mashine, gawaneni maamuzi. Mtambo mmoja unaweza kuguswa na watu watatu bila shida, ilimradi kila mmoja ana sehemu yake. Lakini uamuzi mmoja ukiwa na wenyewe wawili, ama utafanywa mara mbili, ama hautafanywa kabisa kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake ameshaweka jina la mwinjilisti.

Nani atenganishwe kwanza

Mkiwa wawili tu, wa pili awe fundi sauti. Mtazamaji huvumilia picha iliyochelewa kubadilika, ila sauti ikikwaruza kwa dakika mbili anafunga simu. Halafu anayechagua picha husikiliza maneno ili ajue kinachofuata. Ubora wa sauti hana nafasi ya kuufuatilia. Katika hali hiyo kamera zibaki kwenye stendi, mbili au tatu, zimepangwa na kufungwa.

Mkifika wanne: fundi sauti, mtu wa swicha ambaye pia ndiye mwongozaji, mpiga kamera mmoja, na mtu wa maandishi anayetazama mtandao pia. Kamera 1 inakaa nyuma katikati, inaonyesha madhabahu yote, haiguswi na mtu. Mpiga kamera ashike kamera 2, ya pembeni, inayofuata uso wa mhubiri. Kamera 3 ifungwe kuelekea kwaya.

Mtu wa tano ashike kamera 3. Wa sita achukue mtandao kutoka kwa mtu wa maandishi. Timu nyingi hukimbilia kumtenganisha mwongozaji na mtu wa swicha mapema mno, na hapo tunashauri subira. Kwa kamera tatu, mwongozaji anayebonyeza mwenyewe ni mwepesi kuliko yule anayetamka halafu asubiri kidole cha mwingine. Watenganisheni mkifikia kamera nne na kuendelea, au mnapomfundisha mtu mpya kuongoza.

Wa saba asiwe na kifaa chochote isipokuwa hedifoni ya mawasiliano. Akae karibu na wazee wa kanisa, awe mjumbe. Ratiba ya ibada hubadilika ibada ikiendelea: mchungaji anamkaribisha mgeni asiyeandikwa, kwaya ya vijana inatangulia ya akina mama, ubatizo unaingizwa katikati. Mjumbe anaziba pengo hilo kwa kunong'ona tu, "Anayefuata ni mama mchungaji, maiki ya kijani, anapanda kutoka kushoto." Sentensi hiyo inawafaa watu wanne kwa pamoja, kwani fundi sauti anafungua maiki sahihi, kamera 3 inageuka kushoto, jina linaandaliwa, na mwongozaji anajua aanze na picha gani.

Fundi sauti wa matangazo

Kazi hii si ya yule anayeshughulikia spika za ukumbini. Ukumbini ngoma na gitaa la besi husikika zenyewe, kwa hiyo fundi wa ukumbi huzishusha kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti). Mkichukua sauti kutoka mkondo mkuu wa mikisa hiyo, watu wa nyumbani watasikia waimbaji wako juu kabisa na ngoma hazipo. Chukueni mkondo wa AUX (njia ya pembeni ya kutolea sauti) uliowekwa kabla ya fada (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), ili fundi wa ukumbi akishusha kitu asiwashushie na ninyi. Mikisa za kidijitali kama Behringer X32 zina programu ya simu inayoshika mkondo mmoja tu. Mpeni fundi wa matangazo hiyo, na hataweza kuharibu sauti ya ukumbini hata akikosea.

Wekeni maiki mbili zinazowaelekea waumini, mbali na spika, na ziingie kwenye mkondo wa matangazo peke yake. Bila hizo, mchungaji akisema "Bwana asifiwe" nyumbani wanasikia kimya, na ibada inakosa uhai.

Kwenye mita ya kidijitali, maneno yacheze kati ya desibeli (dB) -18 na -12, na kwaya isipite -6. Sauti ikifika imepasuka hata kabla ya kupandisha chochote, kagueni kama tundu la swicha limewekwa kwenye hali ya maiki wakati mikisa inatoa ishara kubwa ya laini. Kwenye ATEM Mini mnabadilisha hilo ndani ya programu yake. Mvumo mzito usiokoma kwa kawaida unatokana na mikisa na kompyuta kuchukua umeme kwenye soketi za mizunguko tofauti. Jaribuni chanzo kimoja cha umeme kwanza, na ukibaki, wekeni kifaa chenye transfoma ya kutenganisha sauti kati yao.

Picha hufika kwenye swicha ikiwa imechelewa, sauti ikiwa imetangulia. Mtu asimame mbele ya kamera 2 akiwa na maiki, apige makofi mara tatu, mrekodi, kisha mtazame rekodi fremu kwa fremu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Sauti ikitangulia fremu tatu, icheleweshwe milisekunde 120. Rudieni jaribio hili kila mnapobadilisha kamera au kadi ya kunasa picha, kwa sababu kila kifaa kina ucheleweshaji wake.

Wapiga kamera

Umeme wa kwetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kamera zote ziwekwe fremu 25 au 50 kwa sekunde, na shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ukiacha 30 na 1/60, taa nyingi za ukumbini zitaonekana zikipepesa kwa mistari inayotembea. Mizani ya weupe (white balance, inayoiambia kamera nyeupe ni ipi) iwe ya mkono, si ya kujitafutia. Mtu mmoja ashike karatasi nyeupe madhabahuni chini ya taa zitakazotumika, na kamera zote tatu zisetiwe kwa karatasi hiyo, moja baada ya nyingine, na msimamizi mmoja. Kila mpiga kamera akiseti kwa jicho lake, mchungaji atakuwa wa manjano kwenye kamera 2 na wa bluu kwenye kamera 3.

Sheria za kazi zao ni chache. Taa ya tali (inayoonyesha kamera iko hewani) ikiwa nyekundu, mkono utulie. Sogeza tu ukiambiwa au ukiwa unamfuata mtu anayetembea. Taa ikizimika, usipumzike, tafuta picha nyingine ndani ya sekunde tatu, iweke sawa, ushikilie. Kamera mbili zisitafute picha kwa wakati mmoja, maana hapo mwongozaji anabaki na kamera 1 pekee. Picha ikipatikana, ishikiliwe hata kama mwongozaji hajaichukua. Wapiga kamera wapya huiacha picha nzuri sekunde moja kabla haijahitajika, na hilo hurekebishika kwa mazoezi tu.

Waya wa HDMI wa kawaida huanza kusumbua ukizidi takribani mita 10. Kwa kamera zilizo mbali tumieni waya wa SDI, unaobeba picha umbali mrefu zaidi, wenye vigeuzi kwenye ncha zote mbili. Mwisho wa waya ufungwe kwenye mguu wa stendi, ili mtu akijikwaa avute stendi badala ya kung'oa tundu la kamera.

Maneno ya kwenye hedifoni

Mwongozaji ndiye mwenye sauti. Wengine wanasikiliza, na wanazungumza wakiulizwa au wakiwa na dharura. Kamera zitajwe kwa namba, kamwe si kwa jina la mtu, kwani wiki ijayo kamera 2 itashikwa na mwingine. Namba itangulie amri: "Mbili, tayari," kisha "Mbili, hewani." Ukisema "Sogea kushoto kidogo, mbili," kamera zote zinazoshikwa na watu zimeshaanza kusogea kabla namba haijafika.

Kubalianeni maneno mapema na yasibadilike. "Karibu" na "mbali" ni za kuvuta picha. "Kushoto" na "kulia" ni kwa upande wa mpiga kamera, si upande wa mchungaji. "Panda" na "shuka" ni za kuinua na kuinamisha. "Shikilia" ni kutulia. "Huru" maana yake tafuta picha nyingine. Fundi sauti ana neno moja la dharura, "Sauti!", na akilisema mwongozaji asibadilishe picha mpaka aambiwe "Sawa." Mtu wa maandishi haombi ruhusa kila mara. Anasema "Jina lipo," mwongozaji anajibu "Weka," na anahesabu sekunde sita kabla ya kuondoa.

Kama hamna mtambo wa mawasiliano, simu za kawaida zenye programu ya Mumble zinatosha. Seva yake inakaa kwenye kompyuta yenu ndani ya mtandao wa kanisa, hivyo haili bando na sauti inafika karibu papo hapo. Simu ya kikundi ya WhatsApp ni akiba tu. Sauti inazunguka kupitia intaneti, ikachelewa kiasi cha amri kufika baada ya tukio.

Watu watatu kwenye mtambo mmoja

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa hiyo someni kwa makini.

Programu ya ATEM Software Control inaweza kufunguliwa kwenye kompyuta kadhaa zilizounganishwa na swicha kwa waya wa mtandao, zote zikiendesha swicha ileile. Mtu wa swicha abaki ukurasa wa Switcher, wa maandishi akae Media, na fundi sauti Audio. Mtego upo kwenye kichezea picha (media player, sehemu inayoshika picha ya jina): ATEM Mini Pro ina kimoja tu. Mtu wa maandishi akibadilisha picha ya jina wakati la kwanza bado liko hewani, watazamaji wataona majina yakibadilika mbele yao. Utaratibu uwe ondoa, badilisha, angalia, weka.

Kwenye vMix, fungueni Settings, sehemu ya Web Controller, muiwashe na kuiwekea nenosiri. Baada ya hapo kifaa chochote kwenye mtandao huo kinafungua anwani ya IP ya kompyuta (namba yake kwenye mtandao) ikifuatiwa na :8088. Ukurasa huo ni mzuri kwa kuandika majina kwenye kishikwambi bila kugusa kompyuta kuu. Ila una hatari yake. Mtu wa maandishi akigusa chanzo kingine kwa kutaka kukitazama tu, dirisha la maandalizi linabadilika kwa wote. Mwongozaji aliyeandaa kamera 2 anabonyeza Cut, na hewani inaingia picha ya tangazo la kikao cha wazazi. Maandishi yapitie kwenye tabaka za juu pekee, tabaka namba 1 likiwa la majina na namba 2 la mistari ya Biblia, na mtu wa maandishi asiguse vyanzo vya kamera hata kimoja.

OBS, tangu toleo la 28, ina seva ya WebSocket ndani yake, mlango 4455, inayoruhusu vifaa vingine kuiendesha kupitia mtandao. Tengenezeni onyesho (scene) moja la majina, kisha mliingize ndani ya maonyesho yote ya kamera. Jina likiwashwa hapo linaonekana popote mwongozaji alipo, naye anaendelea kukata picha bila kujali.

Njia tunayoiona bora kuliko zote ni programu ya bure ya Bitfocus Companion, inayozungumza na ATEM, vMix na OBS. Isakinisheni kwenye kompyuta moja, kisha kila mtu afungue anwani ya kompyuta hiyo ikifuatiwa na :8000/tablet kwenye simu au kishikwambi chake. Kila mtu atengenezewe ukurasa wake wa vitufe. Wa maandishi apate "weka jina", "ondoa jina", "mstari unaofuata", basi. Kitufe cha kukata picha kisiwepo kwenye ukurasa wake. Mtu hawezi kubonyeza kwa bahati mbaya kitufe ambacho hakipo.

Skrini ya ukumbini nayo iwe na mwenyewe. Waumini wanahitaji maneno ya tenzi kwa herufi kubwa, wakati watazamaji wa nyumbani wanahitaji picha na mstari mdogo chini. Mkituma matangazo yaleyale kwenye projekta, mnapata herufi ndogo zisizosomeka nyuma, na midomo ya mhubiri ikichelewa kuliko sauti yake mwenyewe. Kompyuta ya maneno ya nyimbo itoe mikondo miwili, au wawepo watu wawili.

Mtandao na bando

Kompyuta, swicha na ruta viunganishwe kwa waya kupitia swichi ya mtandao ya gigabiti, na kila kifaa kiwe na anwani ya IP isiyobadilika. Andikeni anwani hizo kwenye karatasi mkaibandike mezani. Wifi iachwe kwa simu za mawasiliano na vitufe tu, na nenosiri lake lisitolewe kwa waumini.

Jaribuni kasi ya kupakia siku ya ibada, watu wakiwa wamejaa. Mnara wa 4G uliowapa Mbps 15 Jumamosi jioni unaweza kuwapa 4 Jumapili saa nne asubuhi. Tumieni nusu tu ya kasi mnayopata: laini yenye Mbps 10 inabeba 1080p kwa Mbps 5, na yenye 5 inabeba 720p kwa Mbps 2.5. Fremu kuu (keyframe, picha kamili ambayo fremu zinazofuata huitegemea) iwe kila sekunde 2. Hesabu ya bando ni rahisi. Mbps 5 kwa saa moja ni takribani GB 2.25, hivyo ibada ya saa tatu inakula karibu GB 7. Nunueni GB 10.

Mtu wa mtandao atazame matangazo kwa simu yenye laini ya kampuni nyingine, akiwa na hedifoni. Wifi yenu wenyewe isitumike, maana mnapima barabara nzima hadi kwa mtazamaji. Akumbuke kwamba anachokiona kimechelewa sekunde 10 hadi 30. Akiripoti kasoro, ataje muda: "Sauti ilikatika alipoanza kusoma Zaburi." Akisema "Sauti imekatika" tu, fundi ataanza kuhangaika na kitu ambacho kimeshapona.

Kwenye mipangilio ya YouTube, zimeni chaguo la kusimamisha matangazo yenyewe. Likiwa limewashwa, mtandao ukikatika tukio linaweza kufungwa, na kiungo mlichowatumia watu kwenye vikundi vya WhatsApp kinakufa. Likiwa limezimwa, mkirudi mnaendelea palepale. Kwa harusi, mtu wa mtandao awe macho pia na nyimbo za kibiashara, kwa kuwa YouTube inaweza kuzuia matangazo kwa sababu ya hakimiliki wakati bwana harusi bado anaingia ukumbini.

Karatasi moja kwa wote

Ratiba ya timu si ile ya kanisa. Kila mstari uwe na saa, tukio, nani, anaingilia wapi, maiki ipi, picha ya kwanza ni ipi, maandishi gani. Mfano: "4:35, somo la pili, mzee wa kanisa, kulia, maiki ya mimbari, kamera 2, Warumi 8:28–39." Chapisheni nakala kwa kila mtu, herufi kubwa, maana gizani simu inaangaza usoni na betri inakwisha.

Chini ya karatasi hiyo andikeni yasiyoonyeshwa. Nyuso za wanaoombewa, watoto wanaolia, mikono inapotoa sadaka, jeneza likifunguliwa. Mwongozaji azungumze na mchungaji au familia kabla, asiamue mwenyewe hapohapo. Wakati huo ukifika, amri ni moja tu: "Moja, hewani."

Timu ifike dakika 90 kabla. Dakika 40 za kufunga vifaa, 20 za rangi na sauti, 15 za jaribio la makofi na kurusha kwenye kiungo cha faragha, na zilizobaki ni za kusoma karatasi kwa sauti, kila mtu akisema atakachofanya.

Mambo yanapoharibika

Picha ikipotea kwenye kamera yoyote, mtu wa swicha aende kamera 1 bila kuuliza. Kamera 1 yenyewe ikipotea, kamera 2 ifungue picha pana. Mpiga kamera husika aseme namba yake na neno "nje", akague waya, betri, kisha mpangilio wa fremu, kwa mfuatano huo.

Mtandao ukikatika, anayepaswa kushughulika ni mtu wa mtandao peke yake. Wengine waendelee kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu rekodi inaendelea kwenye diski na itapakiwa baadaye. Timu nzima ikigeuka kuitazama ruta, mnapoteza matangazo na rekodi pamoja.

Umeme ukikatika, swicha, kompyuta na ruta ziwe kwenye UPS (betri ya akiba), na kamera kwenye betri zake. Mikisa ya ukumbi husahauliwa mara nyingi hapa: ikizimika, matangazo yanabaki na picha bila sauti. Fundi sauti awe na waya wa sauti wa kamera 1 tayari kwenye swicha, afungue hiyo mpaka jenereta ishike.

Kwa kubadilishana zamu, mpiga kamera asikae zaidi ya saa moja bila kupokewa. Apokewe wakati wa mahubiri, kamera yake ikiwa nje ya hewa. Anayepokea avae hedifoni kwanza, asikilize dakika mbili, aseme "Tatu, nimeshika," na hapo ndipo mwenzake aondoe mkono kwenye stendi.